Siku Magodoro Yalipoingia Maktaba

Kabla ya magodoro nianze na gundi, maana najua nyinyi vijana mnaoingia kazi ya maktaba siku hizi hamjui kuipika. Mnanunua ya kopo. Sawa, nunueni. Lakini siku kopo limeisha na duka limefungwa, chukua vijiko viwili vya unga wa muhogo, ukoroge kwanza kwa maji baridi, halafu mimina maji ya moto kidogo kidogo, na kabla haijapoa tia shabu iliyosagwa, kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Shabu ndiyo inayomfukuza mende. Mimi mara ya kwanza sikutia, na mende wa Kiyovu, ambao walikuwa wameshiba kuliko sisi wafanyakazi, wakala migongo ya vitabu rafu nzima.

Naitwa Mwajuma, na walionizoea huniita Mama Zuhura. Ni mtoto wa Biryogo, hapa Kigali, Kiswahili nimekinyonya. Nilifanya kazi miaka mingi katika chumba cha watoto cha maktaba moja pale Kiyovu, jengo la matofali lenye bustani mbele na nyumba za wakubwa pande zote. Nimeshona vitabu, nimebandika mifuko ya kadi, nimefuta makamasi ya watoto wa mabalozi na ya watoto wa wauza mkaa, na yote ni makamasi tu. Ila nikikaa peke yangu hapa uani, kinachonirudia ni kigoda.

Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kimewekwa kwenye kona ya chumba cha watoto, na kila Jumamosi saa nne asubuhi mimi ndiye niliyekikalia nikasimulia hadithi. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Niliajiriwa kubandika kadi. Siku moja mvua iliwafungia watoto ndani, nikaanza kuwasimulia ili wasirarue vitabu, na Jumamosi iliyofuata wakarudi wakaniuliza nimefikia wapi. Tangu hapo kigoda kikawa changu. Mtu akikaa pale kwa bahati mbaya nilikuwa namwangalia tu mpaka anyanyuke.

Mkuu wetu alikuwa Bwana Anastazi, mtu wa tai hata siku ya kuhamisha rafu. Ndiye aliyenifunza kazi. Alinifunza kufungua kitabu kipya polepole kutoka pande zote mbili ili mgongo usivunjike, na alinifunza kuandika tangazo. "Mwajuma," alikuwa akisema, "tangazo ni mambo manne. Nani, wapi, siku gani, na saa ngapi. Na saa iwe mbili, ya kuanza na ya kumaliza. Ukiacha moja, utajibu maswali mwezi mzima." Nilimwandikia matangazo miaka na sikuwahi kuacha hata moja. Likumbukeni hilo, maana baadaye nitawaambia siku niliyoacha, niliacha lipi na kwa nini.

Basi mwanzoni mwa mwaka wa tisini na moja akaja Konsolata.

Alikuwa Mrundi, mzaliwa wa Bujumbura, ameolewa na mtu wa Kigali. Mrefu, mweupe wa meno, na alikuwa amesomea kazi ya maktaba za watoto mwaka mzima huko Ubelgiji. Jumamosi yake ya kwanza alikuja kunisikiliza. Akakaa chini sakafuni katikati ya watoto, na miguu yake mirefu ameikunja. Nilipomaliza akasema, "Mama Zuhura, unasimulia vizuri kabisa. Naweza kujaribu moja ndogo?" Nikasema jaribu, mwanangu. Nilidhani ataleta kitabu cha Kifaransa na watoto watasinzia.

Hakuleta kitabu. Aliwauliza watoto, "Wewe unatoka wapi? Na wewe?" Huyu akasema Gikondo, huyu Kimihurura, huyu Nyamirambo. Kisha akasimulia habari ya mbuzi aliyepotea, na yule mbuzi akapita Gikondo kwenye mlango wa huyu, akapanda Kimihurura akala maua ya kina huyu, akafika Nyamirambo akafukuzwa na mama yake huyu. Kila mtoto alipotajwa mtaa wake alikuwa ananyooka mgongo kama aliyeitwa kwenda kupewa zawadi. Mimi nilikuwa nimesimulia miaka yote hiyo habari za sungura na fisi wa mahali pasipo na jina, na haikunijia hata siku moja kuwauliza wanatoka wapi.

Andikeni hilo, ni ufundi. Weka mtaa wa mtoto ndani ya hadithi. Nawapa bure, ingawa kujifunza kwangu kulinichoma.

Nilimwonea wivu. Sitafuti neno la kupunguza makali. Nilimwonea wivu asubuhi nikipanda kile kilima kwenda kazini na jioni nikishuka. Nilimwonea wivu viatu vyake, namna alivyocheka na zamu wetu, mlinzi Ladislasi, pale getini, hata chai yake ya rangi ambayo hakutia sukari. Baada ya mwezi mmoja kigoda changu kilikuwa hakina kazi, kwa sababu watoto walitaka kukaa chini na Konsolata. Na siku binti yangu Zuhura, aliyekuwa na miaka saba, alipokuja nyumbani akaanza kumsimulia bibi yake hadithi kwa sauti ya Konsolata, na mikono ya Konsolata, nilimwambia anyamaze ale. Wali ulikuwa haujaiva.

Ilipokaribia likizo kubwa, Konsolata akaja ofisini kwa Bwana Anastazi na wazo. Sherehe ya pajama. Mimi nilikuwa pale nachonga penseli.

"Huko nilikosoma," alisema, "watoto wanakuja maktaba na nguo za kulalia, wanasimuliwa hadithi kama wako kitandani. Wanalala hapohapo mpaka asubuhi."

"Hapa hawalali," akasema Bwana Anastazi. Vita vilikuwa vimeanza kule mpakani mwaka uliotangulia, na amri ya kutotembea usiku ilikuwa inaanza saa moja jioni.

"Najua. Sisi tutafanya mchana. Saa nane mpaka saa kumi. Tutaweka mablanketi madirishani, tutengeneze usiku wetu wenyewe."

Bwana Anastazi alicheka, na mimi sikuwahi kumwona akicheka ofisini. Nikavunja ncha ya penseli.

Wazo lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililoniuma. Lingekuwa bovu ningelala. Tena Konsolata alinishirikisha kila kitu, ningeweza hata kumchukia vizuri kama angenificha. "Mama Zuhura, tuwape nini wanywe? Mama Zuhura, mablanketi tuazime wapi?" Tulipanga watoto ishirini. Yeye atasimulia, mimi nitapokea mlangoni na kugawa maziwa. Kugawa maziwa. Baada ya kigoda.

"Na tangazo uliandike wewe," akasema. "Mkono wako unajulikana. Mimi Kinyarwanda changu kinachekwa."

Haya. Nikakaa na mashine ya taipu, ile ambayo herufi yake ya "e" ilikuwa inaruka juu ya mstari, nikaandika. Niliandika hivi, nakumbuka kila neno: Watoto wa kuanzia miaka mitano wanaitwa maktaba Jumamosi saa nane. Kila mtoto aje na nguo ya kulalia moja, shuka moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Kila kitu kiandikwe jina la mtoto. Watakaochelewa hawatapokelewa.

Basi. Neno sherehe sikulitia. Neno hadithi sikulitia. Saa ya kumaliza nikaiacha, nikijua ninaiacha. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mzazi wa Kigali akiona orodha ya vitu vya kutafuta, na ukali wa namna ile, atakaa kimya kwake. Watakuja watoto watatu, Konsolata atasimulia kwenye chumba kitupu kilichofungwa mablanketi, na Jumamosi inayofuata kigoda kitarudi kwa mwenyewe. Nikabandika tangazo getini, na nakala nikazipeleka sokoni na makanisani, kwa bidii ambayo Bwana Anastazi aliisifu.

Hamjaona bado nilipokosea? Fikirini mnapoletewa karatasi inayosema shuka moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja, jina kwenye kila kitu, atakayechelewa hapokelewi. Karatasi ya namna hiyo kila mzazi Rwanda aliijua. Ni karatasi ya shule ya bweni. Na nafasi ya shule ya bweni wakati ule watu waliitafuta kwa machozi, wengine kwa magoti.

Jumamosi ile saa sita na nusu nilikuwa nafagia ngazi. Ladislasi akaja mbio kutoka getini, kofia mkononi.

"Mama Zuhura, iko watu."

"Watoto wangapi?"

"Si watoto. Iko magodoro."

Nikatoka. Kilima chote cha kuja kwetu kilikuwa kimejaa magodoro yanayotembea. Chini ya kila godoro palikuwa na mama au kaka mkubwa, na pembeni mtoto amenyolewa kichwa, amepakwa mafuta, amevaa nguo za kanisani. Walikuwa na mabeseni, ndoo, masanduku ya bati, sabuni za kufulia. Mmoja alikuwa na jembe, maana shule za bweni nyingi zilidai jembe. Baba mmoja alikuwa amevaa tai na amebeba kuku hai wa kumpa mwalimu mkuu. Akanikabidhi mimi.

Tulihesabu vichwa mara tatu na tukapata hesabu tatu, ila hawakupungua hamsini. Nilisimama mlangoni na kuku wangu nikapokea. Ningeweza kusema palepale. Ningeweza kupaza sauti, jamani, ni hadithi tu, ni saa mbili tu, rudini saa kumi muwachukue. Lakini Konsolata alikuwa ametokea nyuma yangu na lile joho lake la manjano la kulalia alilolivaa kwa ajili ya sherehe, akaangalia ule umati, akaziba mdomo kwa furaha, akaniambia, "Mama Zuhura, umefanya nini? Wote hawa?" Alidhani nimemwitia mji mzima. Na mimi kwa ule wivu nilishindwa hata kufungua mdomo. Mama mmoja aliyetoka kilima cha Rebero na mabinti wawili na godoro moja alinishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki. Hapa matofali. Hapa karibu na mabalozi. Hapa watalala salama." Akageuka akaenda zake haraka, kama anayeogopa tutabadili mawazo.

Hapo ndipo nilipoelewa wamekuja kwa nini: si shule tu, ni mahali salama pa kulala wakati wa vita.

Ile sherehe ya mchana ilikwenda. Mablanketi yalizidiwa, tukaziba madirisha kwa magodoro. Watoto wengi hawakuwa na nguo ya kulalia, nyumbani walilala na shati la baba au kitenge, na mama zao wangekufa kwa aibu kuwatoa nje hivyo. Wakakaa na nguo zao za kanisani juu ya magodoro, wamenyooka, wakisubiri mwalimu. Konsolata akavua viatu akajilaza chini, akakoroma. Mtoto mmoja akacheka. Halafu wote.

Saa kumi ikafika. Hakuna aliyekuja. Saa kumi na moja wakaja wanne wa karibu, ambao kwa kweli walikuwa wanaleta sabuni zilizosahaulika. Konsolata akaanza kuniangalia.

"Mama Zuhura, wazazi wanajua saa?"

"Watakuja," nikasema.

Ladislasi akachukua baiskeli akaenda Gikondo, akarudi na baba mmoja amekasirika. "Nyinyi mnafukuza watoto hata hawajaanza kusoma?" akatuuliza. Ndipo Konsolata akaenda getini akalisoma tangazo, kwa mara ya kwanza, polepole, na Kinyarwanda chake kile cha kuchekwa. Alilisoma akiwa amenipa mgongo. Aliporudi hakusema lolote kuhusu tangazo. Alisema, "Saa moja inakaribia. Wanalala hapa. Wewe wahesabu tena, mimi natafuta chakula."

Akatoka na joho lake la manjano juu ya nguo, akaingia hoteli moja pale jirani, na baada ya nusu saa akarudi na gunia la mikate, na mpishi nyuma yake amebeba sufuria ya uji. Sijui aliwaambia nini. Mimi nimepita mbele ya hoteli ile miaka na hata maji sijawahi kuomba. Vile vikombe na vijiko nilivyoviandika kwa ubaya ndivyo vilivyowalisha. Kuku tulimfunga mguu kwenye rafu ya kamusi.

Kisha Konsolata akakaa katikati ya magodoro akaanza hadithi. Taa tulizima, ikabaki moja ya korido. Ilikuwa habari ya chura wa mto Nyabarongo aliyeingia ndani ya kiatu cha mpanda baiskeli kulala, akaamka yuko mjini katikati ya lami, na akataka kurudi mtoni kwao. Akaanza kuruka. Akauliza njia Kiyovu, akauliza Gikondo, kila kilima wakamwelekeza kingine. Watoto walisogeleana. Zuhura wangu, niliyekuja naye sherehe, alikuwa amelaza kichwa kwenye goti la Konsolata.

Nawaambia ukweli wa niliyoyafanya. Nilipita juu ya magodoro, nikamshika Zuhura mkono, nikamtoa. "Kuna baridi, njoo kwangu." Hakukuwa na baridi yoyote mle ndani, mlikuwa na joto la watoto hamsini. Alilia bila sauti. Nikamkalisha juu ya sanduku la kadi pale korido, nikachukua mhuri wa maktaba, ule wa mpini wa mti, na bunda la kadi mpya, nikaanza kugonga mihuri. Chura alikuwa amefika juu ya Rebero, anauona mto kwa mbali chini. Hapo ndipo nilipoacha kusikia, maana nilianza kugonga kwa nguvu. Kadi baada ya kadi. Ta, ta, ta. Nilitaka nisiisikie ile sauti yake, na kama ninaiharibu kidogo, basi iharibike. Niligonga mpaka bunda likaisha. Zuhura alilala amenuna, na sauti ya ndani ilikuwa imekwisha.

Konsolata akatoka. Alitukuta tumejikunja. Akavua lile joho la manjano akatufunika, mimi na mtoto, akaniinamia sikioni. "Mama Zuhura," akasema, "umenisaidia sana leo."

Nilijua anazungumza habari ya tangazo. Nilijua ananicheka. Nilikaa macho na joho lake mwilini nikimchukia mpaka kulipokucha, na asubuhi watoto walipoamka walinikuta mimi ndani ya manjano, nagawa uji uliobaki.

Wazazi walichukua siku mbili kuwarudisha wote. Wengine walitutukana, na mmoja, mtu wa ofisi kubwa, akaandika barua. Bwana Anastazi akatuita. Tangazo lilikuwa mezani kwake, na ile "e" inaruka juu ya mstari. Aliijua mashine yangu kuliko alivyoijua sauti yangu.

"Nani aliandika hili?"

Nilikuwa najiandaa. Nilikuwa nimepanga kusema nilisahau.

"Ni mimi," akasema Konsolata. "Nilimpa Mama Zuhura apige taipu tu. Sijui taratibu za hapa."

Bwana Anastazi akaniangalia mimi, si yeye. Akaniangalia muda mrefu, akisubiri. Mambo manne, Mwajuma. Nikaangalia tai yake. Majibu ya ile barua yalihitaji jina la mkosaji, akaandika alilopewa. Konsolata akahamishiwa chini kwenye magazeti ya zamani, chumba kisicho na dirisha wala mtoto.

Na mimi, mnajua niliona nini? Niliona wivu. Nilimwonea wivu kwamba ameweza. Hata kosa langu alikuwa amelichukua, akalibeba vizuri kuliko ambavyo mimi ningelibeba. Kigoda kilinirudia. Jumamosi iliyofuata nilikikalia nikawauliza watoto wanatoka wapi, na mmoja akasema, "Yule mwingine yuko wapi?"

Mwishoni mwa mwaka uliofuata mume wake akapata kazi Bujumbura, wakahama. Aliniaga kwa mkono na akaniachia lile joho, akasema korido ile ina baridi. Barua moja ilikuja. Kisha huko kwao nako kukachafuka, na barua nyingine sikuiona. Mwaka wa tisini na nne siusimulii hapa. Nyinyi mna wakubwa wenu, waulizeni kwa upole. Nitasema tu kwamba maktaba ilipofunguliwa tena niliyaona majina kwenye kadi za kuazima, kwa mwandiko wa watoto, na sikuzitupa zile kadi.

Sasa ndiyo nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Mwaka jana, mimi nikiwa mstaafu wa muda mrefu, alikuja hapa Biryogo mwanamke wa makamo, nadhifu, ameuliza njia nyumba tatu. Anaitwa Solina. Alikuwa mdogo wa wale wasichana wawili wa Rebero wenye godoro moja. Nikamwekea chai. Akanishika mikono yote miwili, sawasawa na mama yake.

"Wewe ndiye yule mama wa manjano," akasema. "Nimekutafuta sana. Nataka mwisho wa chura."

Sikuelewa.

"Nililala alipofika kwetu Rebero, anauona mto. Dada yangu Bernadeta hakulala, alisikiliza mpaka mwisho. Alinitambia nao huo mwisho miaka mitatu. Kila nikimkasirisha ananiambia, mimi najua chura alifika au hakufika, wewe hujui. Nikimbembeleza anasema, ukikua." Akanywa chai kidogo. "Mwaka ule wa tisini na nne akaenda nao."

Mimi ni msimuliaji. Miisho ninayo, ningempa kumi kabla chai haijapoa, kila mmoja mzuri, na chura anaogelea nyumbani kwao. Na ningekuwa mama wa manjano, kile kitu nilichokitaka kwa moyo wote tangu siku ile Konsolata alipokaa sakafuni. Alikuwa ananipa kwa mikono yake miwili. Nilifungua mdomo kabisa.

"Si mimi," nikasema. "Anaitwa Konsolata. Joho lilikuwa lake, alinifunika nalo usiku. Mwisho siujui. Nilikuwa nje korido, nimejaa wivu, nagonga mihuri kwa nguvu nisimsikie."

Aliweka kikombe chini. Nilingoja aondoke. Zuhura mwenyewe, na utu uzima wake, hajanisamehe korido ile.

"Wewe ndiye uliyekuwa unagonga?" akasema Solina. "Ta, ta, ta?"

"Ni mimi."

"Lakini huyo ndiye chura." Alikuwa ananiangalia kama aliyeokota kitu. "Huyo Konsolata alituambia, nyamazeni, mnamsikia? Yuko pale korido, anaruka kwenda kwao. Tukasikiliza. Bernadeta akanibana mkono, akaniambia usiogope, bado anaruka. Nikalala namsikia."

Kumbe ndicho Konsolata alichonishukuria. Umenisaidia sana leo. Nilikaa na hilo, na machozi yakatoka yenyewe, na hata katikati ya machozi, Mungu anisamehe, nikaona kijiba cha ule wivu wa zamani: alichukua hata kelele zangu akazifanyia kazi.

Nilipostaafu walinipa ule mhuri wa mpini wa mti, kwa sababu mpira wake umelika na hauandiki tena. Nikaingia ndani nikautoa kabatini. Solina akausogeza mkeka karibu na ukuta, akaegemea, akafumba macho. Nikakaa mlangoni, nikagonga juu ya kizingiti. Hakuniambia niache, nami sikuacha mpaka chai ikapoa.